Uliza Bustani: Jamu iliyogoma, pesheni isiyozaa na embe zenye funza

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi kweli, naona msimu wa embe umewaamsha watu, na nilivyozisoma zote nimeona kitu kimoja kinajirudia rudia: mtu kachukua maelekezo mahali, YouTube au kwa shangazi yake wa Dar, kayafuata neno kwa neno na bado mzigo umeharibika. Jamani Dar ipo usawa wa bahari. Moshi mjini tuko juu mita 800 na ushee, Arusha mjini ni kama mita 1,400, na ukipanda Ilboru au Kibosho unazidi kwenda juu tu. Huo mwinuko unabadilisha mambo mengi, kuanzia tunda gani lipande kwako mpaka sufuria lako linavyochemka. Tuanze na huyu wa Njiro maana yake ndio imeniuma zaidi.

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Njiro, nina mipera miwili nyuma ya nyumba na mwaka huu imezaa mpaka matawi yanainama. Sikutaka yaoze nikanunua kipimajoto cha jikoni nikafuata resipi moja ya kizungu inasema chemsha mpaka nyuzi 105 ndo jamu inashika. Nimekoroga mpaka mkono umekufa ganzi, inafika 102 inagoma, mwisho ikafika 105 lakini imeshakuwa kahawia na ilipopoa kijiko kikasimama humo humo hakitoki. Kilo tano za mapera na sukari yote ile. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, kwa bei ya sukari ilivyo naelewa machungu yako. Hujakosea kupika. Tatizo ni hiyo 105, ni namba ya watu wanaokaa karibu na bahari.

Iko hivi. Jamu inashika pale maji yanapokuwa yamepungua mpaka sukari inafika kama gramu 65 kwenye kila gramu 100 za huo uji. Usawa wa bahari maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100, na jamu ikifika kiwango hicho inachemka kwa 104 au 105, yaani nyuzi 4 mpaka 5 juu ya maji. Sasa huku kwetu hewa inakandamiza kidogo kuliko kule chini, kwahiyo maji yanachemka mapema, kila ukipanda mita 300 unapoteza kama nyuzi moja. Arusha maji yanachemka kwenye 95 hivi. Ina maana jamu yako ilikuwa tayari kwenye 99 au 100, na wewe ukaendelea kuikausha nyuzi tano zaidi. Umetengeneza pipi, na sio kosa lako, hakuna aliyekuambia.

Kwahiyo kabla ya yote bandika sufuria la maji matupu, yachemke kabisa, chovya kipimajoto chako bila kugusa kitako cha sufuria, soma namba. Iandike ukutani jikoni kabisa. Halafu ongeza 4 na nusu, hiyo ndio namba yako ya jamu, na inafanya kazi hata kama kipimajoto chenyewe ni cha bei rahisi na kinadanganya kidogo kwasababu kitadanganya sawasawa mara zote mbili. Mtu wa Moshi mjini atapata kama 97 kwenye maji, basi jamu yake aitoe kwenye 101 na nusu hivi.

Mimi binafsi bado naamini kisosi kuliko kipimajoto. Weka visosi viwili kwenye friji kabla hujaanza, jamu ikianza kuchemka kwa mapovu mazito yanayopasuka taratibu, zima moto kwanza (watu wengi hawazimi, jamu inaendelea kuiva huku wao wanapima), dondosha kijiko kimoja kwenye kisosi cha baridi, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Ikijikunja juu kama ngozi ya maziwa imeshika. Ikirudi kujifunika rudisha motoni dakika mbili tatu pima tena.

Mapera ni tunda jema sana kwa jamu kwasababu yana pektini nyingi, ile kitu inayogandisha, lakini pektini inapungua tunda likiiva sana. Ukisubiri mpaka yote yawe laini na nyumba nzima inanukia umechelewa kidogo. Changanya, robo tatu yaliyoiva na robo ambayo bado magumu yenye ukijani. Katakata, chemsha na maji kidogo mpaka yalainike, pitisha kwenye chekecheke utoe mbegu, pima uji uliobaki, kila kilo weka sukari robo tatu kilo mpaka kilo nzima na juisi ya ndimu mbili. Usipike kilo tano kwa mpigo. Sufuria likijaa sana maji yanachelewa kutoka, tunda linapikwa muda mrefu, rangi inakuwa kahawia na ladha inakuwa ya sukari iliyoungua. Kilo mbili mbili, sufuria pana, moto mkali.

Hiyo ngumu usiitupe kama haijaungua. Chukua chupa moja, ongeza vijiko vichache vya maji ya moto na ndimu, pasha taratibu huku unakoroga mpaka ilainike, ule ndani ya wiki mbili ikiwa kwenye friji. Na chupa mpya ukishajaza jamu ya moto na kufunga mfuniko, zichemshe zikiwa zimezama kwenye maji. Resipi za chini zinasema dakika 5, kwa mwinuko wetu Arusha na Moshi weka 10.

SWALI: Habari za kazi. Niko Pasua Moshi, nilipanda pesheni ya njano mwaka juzi, imefunika ukuta wote na choo cha nje, maua ni mengi hadi watu wanapiga picha ila matunda hamna, ua linanyauka kesho yake linadondoka. Nimeweka mbolea ya kuku mara tatu. Nini tatizo?

JIBU: Salama ndugu yangu. Una mche mmoja tu, au sio? Hujasema lakini naona kabisa.

Pesheni ya njano haijizalishi yenyewe. Chavua yake ikiangukia ua la mche huo huo inakataliwa, lazima itoke kwenye mche mwingine usiokuwa pacha wake. Ukikata kipande cha huo huo ukapanda pembeni bado ni mmoja, hakisaidii. Hata miche miwili ya mbegu za tunda moja inaweza kukataana. Tafuta mbegu au mche kwa mtu mwingine, mbali kidogo, mtaa mwingine kabisa. Ile ya zambarau haina shida hii, ila inapenda ubaridi wa juu, Pasua kwa joto lile itateseka, kwahiyo bakia na njano ila mpatie mwenzake.

Jambo la pili ni nani anabeba hiyo chavua. Nyuki wa kawaida ni wadogo kwa ua lile, wanachukua chavua wanaondoka bila kugusa pale juu. Wanaofanya kazi ni yale manyuki makubwa meusi yanayotoboa mbao za paa, ambayo watu wanayaua kwa kuogopa. Tafadhali muyaache. Ukiwa na gogo kavu la mti laini liweke karibu yatoboe hilo badala ya paa lako. Na usipige dawa ya wadudu mchana, ua la pesheni ya njano linafunguka kuanzia saa sita sita mchana na usiku linafunga, siku moja hiyo hiyo basi.

Ukiwa umepata mche wa pili na hauna subira ya kungoja nyuki, chavusha kwa mkono. Saa nane tisa hivi mchana, chukua vile vifuko vya njano vya chavua kwenye ua la mche A, pakaza kwenye vichwa vitatu vilivyopo juu kabisa ya ua la mche B, na kinyume chake. Kazi ya robo saa, mke wa mdogo wangu anaifanya huku anaongea na simu. Tunda likishika litachukua siku 60 mpaka 80 kuiva na litadondoka lenyewe.

Mbolea ya kuku simamisha. Unalisha majani.

Juisi yake ikiwa nyingi usiisage kwa nguvu kwenye blenda, mbegu zikipasuka inakuwa chungu. Zungusha sekunde chache tu, chuja, mimina kwenye trei za barafu, zikiganda weka kwenye mfuko ndani ya friza.

SWALI: Mama shikamoo, parachichi langu la mbegu lina miaka sita, refu, halijawahi kutoa hata ua. Nikate? (Msomaji, Usa River)

JIBU: Marahaba. Usikate ukang'oa. La mbegu linaweza kuchukua miaka hata kumi na bado hujui litatoa tunda gani, maana mbegu ya parachichi haifanani na mama yake. Likate kimo cha mita moja hivi mwanzoni mwa mvua, acha machipukizi mawili matatu yenye nguvu, yakifika unene wa penseli mlete mtu anayejua kubebesha akupachikie parachichi aina ya Hass au Fuerte. Mizizi tayari unayo ya miaka sita, utakula mapema kuliko kuanza na mche mpya. Wewe uko jirani kabisa na TARI Tengeru, ndio kituo cha utafiti cha mazao ya bustani, panda daladala ukawaulize.

SWALI: Habari ya siku nyingi mwalimu. Mimi ni mzee mstaafu niko Kibosho, kihamba changu (shamba la nyumbani) kina miparachichi saba na msimu ukifika tunagawa majirani, tunalisha ng'ombe, mengine yanaoza. Kijana wangu ameniambia tuyasage tuweke na chumvi na ndimu kidogo kwenye chupa za kioo, tuchemshe chupa kama mnavyofanya jamu, tuwauzie wageni wanaopanda mlima. Naomba utuelekeze vipimo.

JIBU: Shikamoo baba. Vipimo sitakupa, na naomba kwa heshima zote unisikilize vizuri na umuonyeshe kijana hii sehemu aisome mwenyewe.

Parachichi halifungwi kwenye chupa nyumbani. Pera, pesheni, nanasi, hizi zina uchachu wa kutosha, na uchachu ndio mlinzi wetu, kuchemsha kunasaidia tu. Kipimo cha uchachu kinaitwa pH, kadri namba inavyoshuka ndio uchachu unazidi, na mpaka wa usalama ni 4.6. Pesheni iko kwenye 3 hivi. Parachichi liko juu ya 6. Juu ya huo mpaka kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum, anaishi kwenye udongo wa kila mahali, mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka hata kule baharini kwenye nyuzi 100, seuze Kibosho ambako maji yanachemka chini ya hapo. Ukimfungia ndani ya chupa isiyo na hewa, kwenye chakula kisicho na uchachu, anaamka na anatoa sumu inayopooza mwili mpaka mtu anashindwa kuvuta pumzi. Na chakula kinaweza kisinuke wala kisibadilike rangi wala ladha. Ndimu kidogo haitoshi kushusha parachichi zima, na ukiweka ya kutosha hakuna atakayelila. Mafuta juu yake ndio mbaya zaidi, yanaziba hewa kabisa.

Nimeandika ukali baba yangu lakini ni kwasababu kuna watu wanafanya hivi na wanaona sawa, mara ya kwanza salama, mara ya pili salama.

Sasa tufanye nini na miti saba. Kwanza, ghala bora la parachichi ni mti wenyewe. Parachichi haliivi likiwa juu, linaanza kulainika baada ya kuchumwa. Likishakomaa linaweza kuning'inia wiki kadhaa bila shida, kwahiyo usichume mti mzima siku moja kisa mnunuzi kaja na gari. Chuma moja la kujaribia, liweke ndani siku 7 mpaka 10, likilainika vizuri bila kusinyaa kwenye shingo mti umekomaa. Baada ya hapo chuma kwa awamu, kwa mkasi au kisu ukiacha kipande kidogo cha kikonyo, na msiyaangushe chini, lililogonga linaoza kuanzia pale pale. Yakizidi kukaa juu mti unachoka na mwaka unaofuata unazaa kidogo, hilo nalo liangalie.

Pili, friza. Saga au ponda lililoiva sawasawa, kijiko kimoja kikubwa cha juisi ya ndimu kwa kila matunda mawili, weka kwenye mifuko, kanda iwe bapa ili hewa itoke yote, gandisha. Linakaa miezi minne mitano. Umeme ukikatika siku nzima likayeyuka na kupata joto, lisirudishwe, liliwe siku hiyo au apewe ng'ombe. Hilo unaweza kuwauzia hoteli za Moshi likiwa limeganda, lakini kabla ya kuuza nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Moshi kwa mafunzo ya usindikaji na TBS kwa viwango, kijana ana wazo zuri la biashara ila bidhaa ndio abadilishe. Mkiwa na mapera au pesheni hapo kihambani mnatengeneza jamu mwezi huu huu.

SWALI: Naandika kutoka Himo. Mwembe wangu mmoja mkubwa, embe zinapendeza nje ukikata ndani funza watupu. Nimepiga dawa aina mbili nilizopewa duka la pembejeo hazijasaidia. Tumeshazoea kula embe usiku taa imezimwa. Naomba msaada.

JIBU: Pole dada, hao ni watoto wa inzi wa matunda. Huyu anayetusumbua zaidi alitoka Asia, alionekana huku Afrika Mashariki mwaka 2003, tangu hapo embe na mapera hayajapumzika. Dawa unayopiga haimfikii kwasababu mama inzi anatoboa ngozi na kuweka mayai ndani ya tunda, funza anakula humo humo ndani, wewe unapiga nje. Halafu unakula dawa.

Angalia maisha yake ndio utaona pa kumkamata. Funza akishiba anatoka kwenye embe lililodondoka, anazama kwenye udongo sentimita chache tu, anajigeuza pupa (analala ndani ya ganda), siku kama kumi baadaye anatoka inzi anapanda juu ya mti huo huo. Kwahiyo kila embe lililooza chini ya mwembe wako ni wodi ya wazazi. Okota kila siku, asubuhi na jioni msimu ukikolea, hata lile dogo. Usiweke kwenye mboji! Hapa ndio watu wa bustani tunapoharibu, tunapenda mboji mno. Tia kwenye mfuko mweusi wa plastiki mgumu, funga, uache juani wiki mbili, funza wanakufa kwa joto humo. Au chimba shimo ufukie chini nusu mita. Kuku nao wafungulie chini ya mti wachakure.

Embe zenyewe, zile unazozifikia, zivalishe. Zikifika ukubwa wa yai la kuku, kunja gazeti mara mbili utengeneze mfuko, visha, funga juu kwa stepla au uzi. Kazi inachosha lakini embe mia moja zilizovalishwa ni bora kuliko elfu zenye funza, na watoto wa nyumbani wanaifanya vizuri jumamosi moja. Chuma mapema pia, mabega ya embe yakishajaa pande zote mbili za kikonyo limekomaa, litaivia ndani, usisubiri linukie juu maana inzi naye anasubiri hiyo harufu.

Mitego ya methyl eugenol (harufu ya kuvutia inzi) ipo madukani na inafaa, ila ujue inavuta madume tu. Inapunguza, haimalizi, na ukiwa nao peke yako mtaa mzima basi unahangaika bure. Kaa na majirani wenye miembe na mipera, mkubaliane wote kuokota. Hilo kwa kweli ndilo lenye nguvu kuliko dawa zote mbili ulizonunua. Na kama unaona aina ngeni ya mdudu usiyemjua, mamlaka ya afya ya mimea TPHPA makao yao ni hapa hapa Ngaramtoni, Arusha, wapelekee.

SWALI: Mambo vipi aunt, embe zimeshuka bei soko la Kilombero hapa Arusha nimenunua ndoo mbili, naweza kukausha juu ya bati la nyumba? Niko Sakina.

JIBU: Poa mwanangu. Kukausha ndio, na Januari hii mpaka Februari jua lipo, ukisubiri masika ya Machi utapata ukungu. Ila sio juu ya bati. Bati linapika upande wa chini, juu panabaki pabichi, vumbi la barabara hilo, nzi, na jua la moja kwa moja linaua vitamini na rangi.

Chagua zilizoiva lakini bado zinashikika, menya, kata vipande vya unene wa milimita 5 au 6 vyote sawa, chovya kwenye maji yenye ndimu dakika tano. Tengeneza fremu ya mbao, wamba wavu wa plastiki, inyanyue juu ya matofali upepo upite chini, funika kwa neti ya mbu halafu kitambaa cheusi juu yake kisichogusa embe. Jioni ingiza ndani kabla umande haujashuka, Sakina umande unashuka mapema. Siku ya pili geuza. Siku ya tatu kunja kipande, kikijikunja kama ngozi ya mkanda bila kunata wala kutoa majimaji ukikiminya, kiko tayari. Usishangae kilo kumi za embe nzima zikakupa kilo moja hivi, karibu vyote vilivyoondoka ni ganda, kokwa na maji.

Halafu kuna hatua watu wanairuka. Usizijaze zote kwenye chupa na kufunga moja kwa moja. Jaza chupa robo tatu, funga, tikisa kila siku kwa wiki nzima, ili vile vipande vilivyobaki na unyevu vigawane na vikavu. Ukiona vitone vya maji ndani ya kioo rudisha vyote juani siku moja zaidi. Bila vitone, weka kabatini gizani, na uwafiche watoto.